Tano kwa Kila Swali

Chelimo alituambia kwamba chuo kinataka kujua watu wake wanaishi vipi. Ni msichana wa Subukia, alisomea hapa hapa chuoni na sasa ameajiriwa kuwauliza watu maswali: wanafunzi, walimu, wapishi, walinzi na sisi wa usafi. Alitupata kwenye stoo ya ndoo na mopu, nyuma ya hosteli. Majina hayaandikwi, akasema. Kamati itasoma majibu, kisha iamue taa mpya ziwekwe wapi.

Taa ndiyo ilinifanya nisikilize. Kuna njia ya kutoka geti la chini, katikati ya miti ya bluugamu, na pembeni yake kuna mtaro. Tunapita hapo alfajiri kukiwa bado giza. Mugure, mwenzangu wa kazi, macho yake yameanza kufifia. Hunishika mkono wa sweta mpaka tufike hosteli. Hapo kwenye mtaro ndipo Baba Kiprotich, mume wangu, alipoanguka akitoka kulinda geti. Walimpata kulipopambazuka.

Chelimo akawasha tableti yake. "Niko salama nikitembea ndani ya chuo. Moja ni hapana kabisa, tano ni ndiyo kabisa. Mama Kiprotich?"

"Tano," nikasema. "Mungu anatulinda."

"Mama Mugure?"

"Tano. Na kama kuna sita, uweke hiyo."

Walinzi nao walijibu hivyo hivyo, na wapishi pia. Kwetu mgeni akikuuliza hali, unasema nzuri. Kanisani ukisimama kushuhudia, unaanza na shukrani, hata kama jana ulikuwa makaburini. Nilisimama hivyo siku ya kumzika Baba Kiprotich. Nikasema Mungu ni mwema, watu wakaitikia, nikakaa. Tangu siku hiyo sijasikia kitu moyoni. Naomba, nafua, nakula ugali wangu, na ndani ni kama chumba kilichohamwa.

Wiki iliyofuata Chelimo alirudi. Mara hii aliomba kukaa, akageuza ndoo akaikalia. Mugure akammiminia chai kutoka kwenye thamosi.

"Mama zangu, mmenijibu kama mko kanisani," akasema. "Wafanyakazi wote ni tano, tano, tano. Wanafunzi wamelalamikia giza la uwanja wa mpira, kwa hivyo taa zote zinaenda uwanjani. Njia ya geti la chini hakuna hata mtu aliyeitaja. Na nasikia kuna mzee alianguka hapo akafa."

Mugure akatazama sakafu.

"Ni mzee wangu," nikasema.

Chelimo akaweka kikombe chini. "Pole, mama. Sikujua."

"Hukuambiwa."

Akaeleza kwamba majibu yakifanana sana, mkubwa wake humruhusu kuuliza upya, ila kwa hiari ya mtu. Kamati inakaa Ijumaa. Baada ya hapo imeisha.

Niliwaza. Nikisema moja, watu walioniitikia siku ya mazishi niliwaambia nini? Na Mungu nilimwambia nini? Nikatafuta mahali panapouma, kama vile ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa. Hapakuwa na kitu. Nikamwangalia Mugure. Alikuwa anapapasa kifuniko cha thamosi, nacho kilikuwa mbele yake tu, mchana huu wa jua.

"Niulize," nikasema.

Chelimo hakuwasha tableti. "Alfajiri, mkifika pale kwenye mtaro, huwa mnafanya nini?"

"Yeye hunishika sweta. Mimi natembea upande wa mtaro."

"Kwa nini upande huo?"

"Ili tukianguka, niwe wa kwanza."

Ndipo akaiwasha. Akanisomea lile swali tena, polepole.

"Moja," nikasema.

"Ai, Mama Kiprotich!" Mugure akanigeukia. Kisha akacheka kicheko kifupi. "Basi na mimi niandikie moja. Ile tano ilikuwa ya Mungu. Hii ni ya barabara."

Chelimo akatoka kwenda kuwatafuta walinzi. Mimi nikakamua mopu, nikarudi kwenye ngazi.

Mvua zilipoanza walisimika mlingoti mmoja wa taa kwenye ile njia. Ni mmoja tu. Nyingine zilienda uwanjani. Alfajiri ya kwanza tulipoikuta taa inawaka, niliuona mtaro kwa mara ya kwanza saa hiyo ya kuja kazini. Kulikuwa na majani ya bluugamu, chupa ya soda, na maji kidogo. Ulikuwa mtaro tu.

"Kumbe njia ni pana hivi," Mugure akasema.

Akaachilia sweta yangu, akatangulia. Mkono wangu ulibaki umekunjwa vile alivyouacha. Nikamfuata hivyo hivyo mpaka hosteli.