Dude la Makongoro

Tangu wateremshwe kutoka mlimani na kupangwa katika kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Bunda, Nyangi alikuwa na majirani wengi kuliko wakati wowote wa maisha yake, na hakuwa na mtu. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye mstari. Mumewe, Makongoro, aliezeka upande mmoja wa paa, akaugua homa, na wiki ya tatu wakamzika. Upande wa pili walikuja kuumalizia watu wa kijiji, haraka haraka, na mvua ya kwanza ikaonyesha haraka yao.

Wezi wa ng'ombe hawaulizi nani amefiwa. Kwa hiyo Nyangi alichukua koti zito la jeshi la Makongoro, akaivisha miti miwili aliyoifunga msalaba, akaikalisha kwenye kiti cha mwenyewe barazani, juu akaweka kofia. Mtu akitazama kutoka barabarani, nyumba ile ilikuwa na mwanamume, tena askari. Ng'ombe wenyewe walikuwa wawili tu, lakini hakuwa na wengine.

Kilichomtesa si wezi, ni jioni. Miaka ishirini na saba, kila walipomaliza kula, Makongoro alijifuta midomo na kusema, "Kitendawili!"

"Tega," Nyangi alijibu, ingawa alishakijua kama jina lake.

"Adui analikimbia, watu wawili wanalibeba, mbuzi analila."

Lilikuwa dude la siri la vita. Hilo tu ndilo alilokubali kulisema. Alililinda jangwani Misri wakati wa vita vya Hitla, akarudi nyumbani na koti na kitendawili. Nyangi alibahatisha bunduki ya mianzi, ndege isiyo na mlio, mtumbwi wa kuzama na kuibuka. Siku moja aliona picha ya kifaru ofisi ya TANU, jioni akakitaja. Makongoro alimtupia jicho, akasema, "Mbuzi hali chuma."

Kila alipokosa aliambiwa, "Nipe mji," naye alitoa, kama mchezo unavyotaka. Alimpa Tarime, akampa Shirati, akampa Mwanza yote na bandari yake. Makongoro aliutembea mji wake kwa maneno, akila samaki wake na kuoa mabinti zake, mpaka Nyangi akashika mbavu kwa kucheka. Sasa mwenye kitendawili akishapewa mji, sharti atoe jibu. Makongoro alikuwa anakula mji na jibu anabaki nalo. Dhuluma gani hiyo! Nyangi alimwita mwizi mchana kweupe. Mji mmoja tu alimnyima, Butiama, alikozaliwa Nyangi mwenyewe.

"Huo utaupata siku ukifungua mdomo."

"Nilikula kiapo, mama Hana."

"Kwa nani? Waingereza si wameondoka?"

"Wameondoka. Kiapo hawakuondoka nacho."

Hapo utani uliisha. Zamani kitendawili hakikuwa na mbuzi. Mbuzi aliongezwa mwaka wa tatu wa ndoa, jioni moja ya furaha, Makongoro alipomwonea mkewe huruma. Mwezi uleule surua ikamchukua Hana, mtoto wao wa pekee. Makongoro hakuongeza neno jingine tena, na mtoto mwingine hawakupata.

Sasa amekwenda na jibu lake. Nyangi alitaka kujua ni dude gani lililokaa kati yake na mumewe miaka yote hiyo. Mtu mmoja tu aliyebaki alilijua, Stanislausi, mzaliwa wa Bugwema, aliyekuwa jeshini pamoja na Makongoro na sasa anaishi kwa bintiye mtaa wa Mukendo, mjini Musoma. Jumatatu asubuhi Nyangi alisimamisha lori la pamba.

Dereva, Florian, alikuwa mgeni katika njia ile. "Shikamoo mama. Mzee amekuruhusu? Kila nikipitaga hapa namwonaga amekaa. Napiga honi, hata mkono hainui!"

"Marahaba. Ndivyo alivyo," Nyangi alisema, akapanda. Alijisikia vizuri kwamba kwa mtu mmoja duniani Makongoro alikuwa bado hai, na mkali.

Stanislausi alipopewa habari ya msiba alilia bila kujificha. Chai ikaletwa, ikapoa. Nyangi alipoeleza kilichomleta, mzee alitikisa kichwa.

"Shemeji, Mzungu alitakaga dole gumba tu kwenye karatasi. Sisi wa Mara tukaona karatasi ni mchezo wa watoto. Tukaenda nyuma ya hema, tukaapa kwa watoto tutakaowazaa. Mimi ninao sita. Nisamehe."

Nyangi alimtazama. "Mzungu hakuwaambia muape hivyo?"

"Hakujua hata. Angetucheka."

"Basi mimi nibahatishe. Wewe tikisa kichwa tu. Kutikisa si kusema."

Mzee aliwaza, akakubali kwa shingo upande.

"Lilipiga risasi?" Kichwa kilikataa. "Lilitembea lenyewe?" Kilikataa. "Liliua mtu?"

Kichwa kilianza kukataa, kikasimama. "Sisi tuliolilinda ndio tuliokufa," Stanislausi alisema, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Aligeuka kuwatafuta wajukuu uani kwa macho, mmoja mmoja, hadi alipowaona wote. Nyangi aliona hofu ile, akaijua, maana aliishi nayo nyumba moja. Hakuwa na moyo wa kuuliza tena.

"Nipe mji, shemeji, tuyamalize," mzee alisema kwa upole.

"Umebaki mmoja, na si wako," alijibu, akafunga kanga yake na kuaga.

Alasiri alirudi na lori lilelile. Walipokaribia nyumba ya mwisho Florian akapiga honi, kisha akakanyaga breki.

"Mama! Mbuzi anamla mzee!"

Mbuzi wa jirani alikuwa amepandisha miguu ya mbele kwenye kiti, anatafuna mkono wa koti. Kofia ilikuwa chini. Ncha ya mti ilikuwa imetokeza mahali pa kichwa.

"Kumbe ni mti?" Florian alisema. "Mwezi mzima napigia honi mti? Lakini ni askari kabisa, mama. Ukiwa mbali ni askari kabisa!"

Nyangi alikuwa ameshika mlango wa lori, na hakuteremka. Mbuzi hali chuma. Mbuzi anakula nguo, anakula turubai. Kifaru cha turubai na fito, wanaume wawili wanakiinua na kukihamisha, na rubani wa adui akikitazama kutoka juu ni kifaru kabisa. Na ili aamini zaidi, pembeni anasimamishwa mtu wa kweli mwenye koti, analinda. Mabomu yakija, yanakuja pale.

Alishuka akamfukuza mbuzi kwa mawe, kwa hasira iliyomshangaza Florian, maana mbuzi mwenyewe alikuwa amekwisha kimbia na yeye bado anarusha. Alikuwa anamrushia yule Mzungu, na karatasi yake, na wale vijana wajinga nyuma ya hema. Kwa ajili ya kipande cha turubai mumewe alikuwa ameamini miaka yote kwamba ni yeye, kwa neno lile la mbuzi, aliyemuua Hana.

Lori liliondoka taratibu, bila honi.

Aliurudisha mti kitini, akakunja mkono ulioliwa, akapangusa kofia. Akasonga ugali, akala barazani huku jua linashuka. Kwenye nyumba za mstarini watu walikuwa wanaitana na kucheka. Yeye hakuapa popote wala kwa mtu yeyote, na mtoto wa kupoteza hakuwa naye tena. Akajifuta midomo.

"Kifaru cha turubai," alisema kwa sauti, mbele ya koti.

Aliyetegua kitendawili hatoi mji, na Nyangi alijua hivyo tangu utotoni.

"Chukua Butiama," alimwambia. "Yote. Na ng'ombe wake, na mabinti zake."

Kisha akakaa, akamsubiri autembee.