Likizo ya Kidole Gumba

Nyakuma alikuwa ameandikwa mara tatu maishani mwake, na mara zote tatu aliandikwa mkimbizi. Mara ya kwanza ilikuwa Itang, Ethiopia, mwanawe Riang akiwa bado anabebwa mgongoni. Mara ya pili ilikuwa Kakuma, Kenya, alikofika na viatu viwili visivyofanana, vyote vya mguu wa kushoto. Mara ya tatu ilikuwa hapo hapo Kakuma, kadi za mgao zilipobadilishwa. Kila mara karani alimshika kidole gumba cha mkono wa kulia, akakipaka wino na kukibonyeza kwenye kadi. Kadi zote alizitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo hilo alirudi nalo mpaka Juba.

Sasa, mwishoni mwa mwaka 2010, kulikuwa na daftari jipya. Watu wa Kusini mwa Sudan walikuwa wakijiandikisha ili mwezi wa kwanza wapige kura na kuamua kama watakuwa na nchi yao wenyewe. Nyakuma alilitaka daftari hilo kuliko kitu chochote, na wala hakuona haya kusema. Aliwatangazia majirani wote wa mtaa wake wa Munuki, waliouliza na wasiouliza: "Mara hii siandikwi mgeni. Naandikwa mwenyewe!"

Alipanga foleni kwenye kituo cha kujiandikisha tangu alfajiri, amevaa gauni lake la kanisani. Nyuma ya meza alikaa Mading, karani kijana aliyekulia Nairobi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa. Nyakuma alijibu maswali yote. Mzee wa ukoo aliyeketi pembeni akathibitisha kwamba anamjua mpaka babu yake, na kwamba babu huyo alikuwa mbishi. Mambo yakawa mazuri. Kikabaki kidole tu.

Mading akakibonyeza kwenye fomu. Likatokea doa jeusi. Akakifuta, akabonyeza tena, likatokea doa jingine, jeusi vile vile. Akajaribu cha kushoto, kikawa kibaya zaidi.

"Mama, hii haitoki," alisema. "Ni wino tu. Mistari iko wapi?"

"Mafi!" akadakia mwanamke mmoja kwenye foleni, kwa Kiarabu cha Juba, maana yake hakuna kitu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Nyakuma akakitazama kidole chake. Kweli, kilikuwa laini tupu. Kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yake ilikuwa kukandika nyumba: udongo, samadi na maji, unapaka ukutani kwa viganja, kisha unalainisha kwa kidole gumba mpaka ukuta uteleze. Nusu ya nyumba za mtaa wao kule Kakuma alizikandika yeye. Hakuwahi kufikiri kwamba kila ukuta ulikuwa unaondoka na kipande chake.

Mading hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni kazini tu, na aliogopa kukosea kuliko anavyoogopa kifo. Alikuna kichwa, akasema, "Kipumzishe, Mama. Usishike udongo wala sabuni. Zimebaki siku nane tufunge. Rudi siku ya mwisho tujaribu tena."

Basi kidole gumba cha Nyakuma kikaenda likizo, na nyumba nzima ikapoteza akili.

Amiri jeshi alikuwa Ketty, mke wa Riang. Ketty alizaliwa na kulelewa uhamishoni Uganda, Kinuer cha mama mkwe hajui hata salamu, na Kibari cha kwao Ketty, Nyakuma hakijui, kwa hiyo nyumbani lugha yao ilikuwa Kiswahili, kila mmoja na cha kambi yake. Tangu aolewe, kwa adabu ya ukwe, Ketty hakuwahi kumwambia mama mkwe neno "hapana". Wiki ile alilionja, akalipenda.

"Mama, hapana! Wacha hiyo sufuria. Hiyo kidole si yako sasa, iko ya serikali."

"Nisonge asida tu, ugali wa jioni."

"Hapana! Wewe nakaa."

Asubuhi alikiloweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu, jioni akakikanda kwa mafuta ya lulu, yale ya kokwa za porini yanayouzwa kwa chupa pale sokoni, kisha akakivisha soksi ya mtoto wao mchanga, nyekundu, yenye sungura. Riang, ambaye alikuwa mpakizi wa mizigo uwanja wa ndege, alileta glavu ya kazini, lakini ilikuwa na oili, akafukuzwa nayo.

Habari zikasambaa. Majirani walikuja kumjulia hali, si Nyakuma, bali kidole. "Kimeamkaje leo?" Akisalimiwa alitoa kiwiko. Jumapili kanisani alishindwa kupiga makofi, kwa hiyo akapiga vigelegele maradufu, na mchungaji akakiombea kidole kile kwa jina la Baba, la Mwana na la Roho Mtakatifu, soksi ikiwa imeinuliwa juu watu wote waione. Kwaya ilicheka mpaka ikakosa sauti ya kuanzia. Nyakuma mwenyewe alilishwa, akachotewa maji, akasukwa nywele. Hakuwahi kukaa bure hivyo tangu aache kunyonya. Alijisikia bibi harusi, na kwa siku mbili alifurahi kweli kweli.

Siku ya tatu mikono ikaanza kumwasha.

Kisa ni ukuta wa jiko. Mvua za mwisho zilikuwa zimeubandua, na kwa kuwa fundi wa nyumba alikuwa likizo, Ketty aliamua kuukandika mwenyewe. Ketty alikulia kwenye nyumba ya matofali. Udongo aliutia maji kama anayepika uji, akaurusha ukutani, akarudi nyuma kuutazama. Udongo nao ukamtazama, kisha ukateremka taratibu mpaka chini. Nyakuma, kwenye kiti chake, alifumba macho.

"Tia samadi," alisema.

"Mimi natia."

"Tia zaidi."

"Mama, hapana! Wewe nakaa."

Siku ya sita kipande kizima cha ukuta kiliporomoka, pwaa, ndani ya sufuria ya mboga. Ketty akasimama na mwiko mkononi, matope hadi kwenye nyusi. Nyakuma alicheka mpaka akaishiwa pumzi, na katika kucheka huko akajikuta amesimama, soksi ameivua, mkono wa kulia unaelekea kwenye karai la udongo bila kumwomba ruhusa mtu yeyote.

"Mama! Kidole!"

Ilikuwa sauti ya Riang, ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Hakupoteza muda kubishana. Alimkamata mama yake kiunoni, akamnyanyua kama mzigo wa ndege ya Entebbe, akazunguka naye uani huku miguu ya bibi ikipiga hewa na mkono wa kulia ukiwa juu, safi. Majirani wakachungulia juu ya ua. "Kimepona?" waliuliza. "Kimepona!" Riang akajibu.

Lakini jioni hiyo Nyakuma alikaa peke yake na kopo lake, akazitoa zile kadi. Kwenye ile ya Itang kidole kilikuwa kimejaa mistari. Kwenye ya pili mistari ilikuwa imefifia. Kwenye ya tatu ilibaki michache tu, ukingoni. Hofu ikamshika. Je, kama yule mwanamke wa Itang aliisha njiani, kidogo kidogo, na aliyefika Juba ni doa tu? Hakumwambia mtu. Alikivisha kidole soksi yake, akaenda kulala.

Siku ya mwisho walikwenda kituoni wote: Nyakuma na kopo lake, Riang, Ketty na mtoto mgongoni, majirani, hata yule mwanamke wa "mafi". Ketty alivua soksi kwa heshima. Mading akapaka wino mwembamba, akavuta pumzi, akabonyeza.

Akakiinua kidole.

Mistari ilikuwepo. Haikuwa mingi, na katikati palikuwa na upara, lakini ilikuwepo, myembamba, inazunguka. Karibu na ncha, mstari mmoja uligawanyika mara mbili, kama njia panda. Nyakuma akafungua kopo haraka haraka, akaiweka kadi ya Itang kando ya ile fomu. Njia panda ilikuwa pale pale.

"Ni mimi," alisema. Kisha akapaza sauti. "Ni mimi yule yule!"

Akalia na kucheka kwa pamoja, na hakujua kipi kilitangulia. Mading alimkabidhi kadi kwa mikono miwili, akijifanya ana vumbi machoni. Vigelegele vikafika barabarani, na waendesha boda boda wakapiga honi bila kujua ni za nini.

Walirudi nyumbani wakiimba. Nyakuma hakungoja hata kubadilisha gauni. Alikwenda moja kwa moja kwenye karai, akazamisha mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akafumba macho kwa raha.

"Mama!" Ketty alipiga ukelele. "Kura bado! Mwezi mzima! Kura pia iko ya kidole!"

Nyakuma akafumbua macho. Alimtazama mkamwana wake, akautazama na ule ukuta uliopinda, uliojaa mabonde, uliokandikwa upya alfajiri hiyo na mtu asiyejua kukandika ili yeye apumzike. Akatoa mikono kwenye udongo. Akakifuta kidole gumba kwenye kanga ya Ketty, akakibonyeza mara moja kwenye ukuta uliokuwa bado mbichi, akaiacha mistari yake pale.

"Haya," alisema, akanyoosha mkono. "Nivishe soksi."