Mkebe wa Tatu

Gesare alipiga magoti nyuma ya jikoni, akageuza majani moja moja. Mharagwe wa mkebe wa kwanza, wenye udongo wa kando ya zizi, ulikuwa kijani, umenyooka. Wa pili, wenye udongo wa shambani, ulikuwa wa manjano, majani yameungua kingo. Wa tatu pia ulikuwa na udongo wa shambani, ila huo Gesare aliuchanganya na samadi na kuutia maji mwezi mzima kabla ya kuweka mbegu. Majani yake ya chini yalikuwa ya manjano. Jani jipya, dogo kuliko ukucha, lilikuwa kijani.

"Basi wanakula," alijisemea.

Ndivyo Lynnet, afisa wa kilimo wa Ndhiwa, alivyomweleza: udongoni mna bakteria wasioonekana kwa macho, na dawa ya magugu huwa chakula chao. Lakini pakikauka hawali. Shambani mvua ilianza wiki iliyopita tu.

Dawa aliinyunyiza shemeji yake, Willis, mwezi wa kwanza, Gesare akiwa Migori akimuuguza mumewe, aliyefia huko. "Nilikusaidia palizi," Willis alimwambia siku ya mazishi. Ilikuwa dawa ya mashamba ya miwa. Muwa huivumilia, lakini maharagwe hufa. Kisha kikao cha ukoo kikaamua: shamba ni la mjane, mradi apande kabla ya Aprili kuisha. Asipopanda, Willis atie miwa.

Leo ilikuwa tarehe thelathini. Willis alisimama mpakani na maksai wawili waliofungwa plau.

"Nyar Kisii!" aliita, yaani binti wa Kisii kwa Kijaluo. "Shamba limelala mpaka linakoroma."

"Shemeji, nipe wiki tatu. Dawa inaisha, wadudu wa udongoni wanaila. Njoo uone jani."

"Jani moja?" Willis alicheka. "Na hao wadudu wako wanakula na kijiko? Waambie waharakishe, ng'ombe wamechoka kusimama."

Gesare aliingia ndani, akatoka na jembe na maharagwe yote aliyokuwa nayo, ya kupanda na ya kula.

Kicheko kilimwisha Willis. "Yatakufa hayo."

"Kikao kilisema nipande. Hakikusema yaote."

Alichimba shimo, akadondosha mbegu tatu, akafukia kwa unyayo. Akapiga hatua, akachimba jingine. Hakuharakisha, wala hakuruka nafasi. Mstari wa kwanza ulipofika mpakani, Willis alikuwa amechuchumaa, konzi ya udongo mkononi. Aliunusa, akitafuta harufu ya dawa. Ulinuka udongo tu.

Akaunusa tena.