Tofali Chini ya Mto

Tangu aanguke kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kufungwa plasta mguu mzima, fundi mwashi hakutulia kitandani, utadhani kalalia siafu. Kutwa alikagua viganja vyake. Sugu za miaka thelathini zilikuwa zinabanduka.

"Ngozi hufuata kazi, baba," alisema binti yake, mwalimu wa baiolojia. "Ikisuguliwa, seli zake huongezeka, inakuwa nene. Ukipumzika, inalainika. Misuli nayo ni hivyo hivyo, ndiyo maana nakwambia kila asubuhi kaza paja, hata humo ndani ya plasta."

"Mimi sijengi kwa paja."

La misuli likaingia sikio hili, likatokea lile. La ngozi alilishika. Aliomba kipande cha tofali kwa jirani, eti cha kuzuia mlango, na kila binti alipoenda shule alikitoa chini ya mto akasugua viganja mpaka vikawaka moto. Binti alifua shuka zenye vumbi jekundu asijue limetoka wapi.

Siku ya kukata plasta, fundi alimwonyesha daktari viganja vyake, vigumu kama gome. Kisha akatazama chini. Mguu ulikuwa mwembamba kama mpini wa koleo, na alipoukanyagia ukakunjika.

"Keshokutwa nina ukuta," alisema.

Nyumbani, binti alipotandika kitanda alilikuta tofali. Hakugomba. Alilifunga kwa kamba kwenye kifundo cha mguu ule.

"Haya baba, inua. Mikono weka kichwani."