Kengele ya Mablanketi Matatu

Mpiga kengele wa kanisa kongwe alimbandika yule kipanga jina la Mama Mkwe. Tangu atage mayai yake matatu kwenye dirisha la mnara, hatua moja tu kutoka kwenye kengele, hakuna aliyepanda ngazi zile bila adabu. Ukichomoza kichwa kwa pupa, unashuka bila kofia. Mzee alikuwa ameshapoteza mbili.

Kofia angesamehe. Kilichomkaba rohoni ni amri ya mtaalamu wa ndege, dada mmoja mpole mwenye darubini shingoni: kengele isilie mpaka makinda waruke. Wiki kumi. Na binti yake wa pekee alikuwa anaolewa Jumamosi. Miaka thelathini na mmoja amewapigia kengele mabinti wa watu, hata wale ambao wazazi wao hawamsalimii. Leo zamu ya wa kwake, anyamaze? Usingizi ulimpaa.

"Mama akishtuka akakimbia, mayai yanapoa," mtaalamu alimweleza kwa sauti ya juu, maana masikio ya mzee yalikuwa yameliwa na kengele siku nyingi.

"Na nikiufunga blanketi ule ulimi wa kengele?"

Mtaalamu akafikiri. "Tujaribu. Taratibu lakini."

Ijumaa wakajaribu. Mzee alishika kamba chini, kando ya mlango mkubwa. Mtaalamu alipanda paa la jirani na darubini yake. Blanketi moja: Mama Mkwe akasimama, kifua mbele, tayari kwa ugomvi. Mawili: akageuza shingo. Matatu, yamekazwa kwa mkanda wa suruali: akaendelea kulalia mayai yake, hana habari. Mtaalamu akainua dole gumba, mzee akaibusu kamba.

Sasa hebu niambie, kati ya hao wawili, nani aliyekuwa akiisikiliza kengele? Mmoja alikuwa na macho kwa ndege tu. Mwingine hasikii hata akiitwa kula.

Jumamosi maharusi wakatoka. Mzee, ndani ya suti iliyombana makwapani, akavuta kwa moyo wote, jasho likimtiririka. Pigo la saba akaona wageni wanatazamana. Hakuna aliyetazama juu, na watu wakisikia kengele hutazama juu, hilo alilijua vizuri. Shangazi wa bwana harusi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Mzee akaiachia kamba. Aliona aibu, akatamani ardhi immeze.

Bibi harusi akalikusanya gauni lake, akamsogelea sikioni.

"Mbona umeacha, Baba?"

"Haisikiki, mwanangu."

"Hata kidogo. Wewe vuta."

"Nivute nini sasa?"

"Mabinti wa wenzako unawafikishia mapigo ishirini na moja. Mimi saba?"

Akavuta. Binti akaachama mdomo: ngoo. Akavuta tena, bwana harusi akafuata, kisha shangazi, kisha uwanja mzima. Mtaalamu akaja mbio, kidole mdomoni, akionyesha juu. Basi wakashusha sauti, harusi nzima ikawa inanong'ona: ngoo, ngoo.

Mzee hakusikia hata moja. Lakini kila alipovuta aliona midomo yote ikifunguka pamoja, wa binti yake mpana kuliko yote, na alipofika ishirini na moja akajifanya amepotewa na hesabu, akaendelea kuvuta.