Kabla Hewa Haijageuka

Baba yangu hakuamini upepo mpaka auone. Wawindaji waliolowesha kidole kwa mate na kukiinua juu aliwacheka. Alisema kidole kinajua upepo wa hapo kilipo tu, na mnyama hayupo hapo. Yeye alikuwa na soksi. Ilikuwa soksi yangu ya utotoni, ya mguu mmoja, aliyoijaza majivu ya jikoni yaliyochekechwa hadi yakawa laini kama poda. Akiigonga kwa kidole, kiwingu kidogo kilitoka, naye alikifuata kwa macho hadi kilipoishia. Mama alisema mumewe anajua majivu yote ya dunia yanakokwenda, ila nyundo yake hajui aliiweka wapi.

Kwa kazi alikuwa seremala. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango ukitazama barabara, nami nilikulia humo kati ya maranda na harufu ya gundi. Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa aliyaacha makabati ya watu nusunusu, akachukua kibali, upinde na mimi kitindamimba wake, tukaenda mlimani. Kaka zangu hawakuwa na subira ya kutambaa. Wateja walinuna, kisha wakazoea.

Huko ndiko nilikojifunza kwamba mlima unapumua. Alfajiri hewa ya baridi ni nzito, inateremka na makorongo, kwa hiyo mwindaji hukaa chini ya mnyama. Jua likishapasha mawe, hewa hiyohiyo hupanda, na aliyekuwa amejificha vizuri anakuwa amejitangaza mwenyewe. Katikati kuna kitambo ambacho majivu hayaendi popote, yananing'inia tu. Baba alikuwa akisema, "Mlima unafikiri."

Safari ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho. Bega lake la kulia lilikuwa limechakaa kwa randa na upinde, na daktari alimbandikia picha ya mfupa kwenye kioo chenye taa, akamwambia baada ya upasuaji asitegemee kuvuta upinde tena. Baba aliuliza jambo moja tu, kama upasuaji unaweza kusubiri msimu ufunguliwe. Alitaka tandala dume mmoja wa mwisho, nami niliapa moyoni kwamba atampata.

Asubuhi ya kuondoka mama alimfuata mlangoni na kopo la dawa ya kuchua.

"Paka hata kidogo, baba watoto. Hilo bega litakuaibisha."

"Dawa yenyewe inanuka mpaka mtaa wa pili. Tandala atajua nimeondoka kabla sijafunga mlango."

"Sikio la kufa halisikii dawa."

"Hili bega, mama watoto, si sikio."

Tukacheka wote watatu, na kopo likabaki mezani.

Tulimwona tandala mapema, akila majani kwenye mteremko juu yetu. Tukamnyemelea kutoka chini. Kila tulipofika kichakani baba aligonga soksi mbele yake, na majivu yakatujia usoni, yakatupita, yakateremka nyuma yetu. Hewa ilikuwa yetu. Tulitambaa mpaka nikamsikia akitafuna. Alipogeuka ubavu, nilimgusa baba mgongoni. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yetu.

Akavuta. Uzi ulifika nusu, ukagoma. Akavuta tena, mkono ukaanza kutetemeka na ncha ya mshale ikacheza huku na huku. Mwindaji wa upinde haachii mshale kwa mkono wa namna hiyo, maana mnyama aliyechomwa hovyo huenda kufia mbali kwa mateso. Baba akaushusha upinde polepole, uso umemsinyaa kwa maumivu.

Roho iliniuma, na kilichoniuma zaidi ni lile kopo. Tangu tuanze kunyemelea, hewa ilikuwa ikitoka kwa tandala kuja kwetu. Baba angeweza kujipaka dawa yote asinuswe. Aliujua upepo kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na hofu ya upepo ndiyo iliyomnyima mnyama wake. Nadhani naye aliliwaza hilo, maana alilikodolea bega lake macho anayomtolea mteja msumbufu.

Akanisogezea upinde. "Piga wewe," akanong'ona.

"Ni wako, baba."

Akagonga soksi. Majivu yakaning'inia kati yetu. Jua lilikuwa limeshafika kwenye mawe.

"Mlima unafikiri, mwanangu. Usichelewe."

Ningeweza kupiga. Nguvu nilikuwa nazo, na shabaha alinifundisha mwenyewe kwenye magunia ya maranda nyuma ya karakana. Lakini sikutaka mnyama wake wa mwisho awe wangu. Nikausukuma upinde urudi mikononi mwake.

Hakugomba. Alinitazama, akauweka upinde chini kwenye nyasi, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele ya mnyama. Alisimama wima, kichaka kikimfika kiunoni, akavua kofia na kufungua vifungo vya shati. Hewa ilikuwa imeanza kupanda, niliisikia kisogoni.

"Baba, atakunusa."

"Miaka yote nimewanyima harufu yangu," akasema, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya karakana. "Huyu acha anijue."

Tandala akainua pua. Hakukimbia mara moja. Mashavu ya baba yalikuwa yamelowa, wala hakujifuta. Nikaona haya kuendelea kujificha peke yangu. Nikasimama kando yake, harufu yangu ikapanda pamoja na yake, na yule dume akatutazama wote wawili kabla hajaondoka.