Mgeni wa Nusu Siku

Mlango ulipogongwa, Mama Mlango alikuwa anamfuta mtoto mmoja mavi huku akimbembeleza mwingine kwa mguu. Hakushtuka. Mlango wake ulianza kugongwa kabla giza halijatoka vizuri, na jina lenyewe alilipatia hapo. Wazazi wa mtaa ule hawakuwa na muda wa kumwita mlezi, sijui mwalimu, sijui nani. Walisema tu, "Mpeleke kwa Mama Mlango," mtoto akapelekwa, nao wakakimbilia vibarua vyao.

Chumba kilikuwa kimoja, cha kupanga. Kila asubuhi kitanda kilisimamishwa ukutani ili sakafu ipatikane. Mkeka huku, beseni la kuogeshea kule, ndoo ya nepi chafu pembeni ya mlango na jiwe juu ya mfuniko. Chupa za maziwa zilipangwa dirishani, kila moja imefungwa uzi wa rangi yake. Harufu ya sabuni na mkojo ilikuwa imemwingia hadi kwenye nywele, mwenyewe alikuwa haisikii tena.

Watoto aliwagawa mafungu mawili. Waliokuja kila siku aliwaita wenyeji. Walioletwa ghafla, mama kaitwa hospitali, dada wa kazi katoroka, baba kapata kibarua cha kushtukiza, hao walikuwa wageni. Mgeni alikaa saa mbili, akakaa nusu siku, akaondoka, na pengine asionekane tena. Kwa ajili ya wageni Mama Mlango alikuwa na utaratibu wake. Alirarua utepe kutoka kwenye shuka kuukuu, akaupasua katikati, nusu akamfunga mtoto mkononi, nusu akampa aliyemleta. Atakayekuja kumchukua, awe mama, awe mjomba, awe jirani aliyetumwa, aje na kipande. Mipasuko ikikutana, mtoto anatoka. Isipokutana, lia mpaka usage meno, mtoto hatoki. Baba mmoja aliyesahau kipande kazini alirudishwa akakifuate, matusi yake yote akaondoka nayo.

Lakini siku za karibuni wageni alikuwa amewakataa, moyo ukimuuma. Afisa wa ustawi wa watoto, binti wa suti na viatu vya kisigino, alikuja mwenyewe kumpa somo.

"Watoto sita, mama. Chumba hiki ni cha watoto sita. Wa saba akiingia, umejifunga mwenyewe."

"Na mjukuu wangu je? Naye ni wa kuhesabiwa?"

"Kwani yeye si mtoto?"

Basi mjukuu akahesabiwa. Alikuwa binti mdogo aliyezaliwa kabla ya wakati, amekonda kama njiti ya kibiriti, wakamwita Njiti, na Njiti akabaki kuwa Njiti hata alipoanza kukimbia na kuropoka. Mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa. Baba hakujulikana, na kama alijulikana, alijulikana na marehemu peke yake. Mama Mlango alimlea kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka akaota mashavu. Sasa aliomba jambo moja tu duniani, serikali imtambue kuwa Njiti ni wake. Ombi lilikuwa mezani kwa afisa. Nyumba ikiwa safi na idadi ikiwa sawa, afisa angetia sahihi. La sivyo, Njiti angepelekwa kwenye makao ya watoto, ng'ambo ya mji, nyuma ya geti la bluu.

Mama Mlango akafungua mlango. Aliyesimama nje alikuwa afisa yule yule, na kiunoni amembeba mtoto wa kiume mnene, pua zinamchuruzika.

"Shikamoo, mama."

Siku zote afisa alikuwa akiingia na "habari za hapa." Mama Mlango akajifuta mikono kwenye gauni.

"Marahaba, karibu. Nepi ndiyo kwanza nilikuwa naziloweka, usione hivi..."

"Sijaja kwa hayo." Afisa alitazama nyuma, akaingia, akausukuma mlango kwa kisigino. "Dada wa kazi kaniacha kwenye mataa. Na kule anakoshinda wamefunga, kumeingia tetekuwanga. Nusu siku tu, mama. Saa saba nimeshamchukua."

"Afisa, ningempokea kwa mikono miwili. Lakini leo wametimia. Watano wa watu na Njiti. Wewe mwenyewe ulisema..."

"Nilisema." Akacheka. "Sasa nani atakuja kukukagua kama si mimi? Nijikague?"

Mama Mlango naye akacheka, maana mkubwa akicheka huwezi kumwacha acheke peke yake.

"Na lile faili la mjukuu nalijua liko wapi," afisa akasema, sauti imeshuka. "Nisitiri leo, na mimi nitakusitiri."

Hapo nani angekataa? Wewe ungekataa? Mama Mlango akamchukua mtoto.

"Anaitwa nani huyu baba?"

"Jina la nini, nusu siku tu? Na tafadhali, asijue mtu. Kazini wakisikia nimemleta..." Akaitazama ndoo ya nepi, sentensi akaiacha hapo hapo.

Utepe ukararuliwa. Afisa alipokea nusu yake kwa vidole viwili, akaitia mkobani, akaenda. Mtoto akaangua kilio cha kung'oa bati. Mama Mlango akamwita Bonge, akambeba mgongoni, akaendelea na nepi. Njiti ndiye aliyemnyamazisha. Alikuwa na mfuniko wa chupa aliouita gari, na hakuwahi kumwachia mtu mwingine auguse. Siku hiyo aliuweka mkononi mwa Bonge, akamwambia, "Endesha, lakini usiende mbali."

Jua lilikuwa limepanda simu ilipoita pale dirishani katikati ya chupa. Mama Mlango alikuwa ameshika mtoto ndani ya beseni, ana povu mpaka viwikoni. Simu ikakata. Ikaita tena kidogo tu, ikakata. Akasema moyoni, mwenye shida atarudi kupiga.

Kilichokuja ni gari.

Juma lile mtoto alikuwa amefia kwenye nyumba ya malezi upande mwingine wa mji, magazeti yakapiga kelele, na wakubwa wakazinduka usingizini. Mkuu wa idara akaingia mitaani mwenyewe na mpiga picha wake, bila kutoa taarifa, akawazoa maafisa aliowakuta ofisini. Aliingia pale chumbani akiinamisha kichwa, leso puani. Nyuma yake mpiga picha. Nyuma ya mpiga picha, afisa, uso umempauka.

"Shikamoo" haikusikika.

"Unaruhusiwa wangapi hapa, bibi?" mkuu akauliza.

"Sita, baba."

"Afisa, hesabu."

Afisa akaanza kuhesabu kwa kalamu. Hakufika mbali. Bonge alimwona, akautupa mfuniko, akaja mbio za kuyumba mikono imefunguka. "Mama! Mama!" Akaikumbatia sketi yake, akaufuta uso na kamasi zake zote humo.

Kisha mkuu akaangua kicheko.

"Maskini watoto hawa. Kila mwanamke kwao ni mama."

Mpiga picha akacheka. Afisa naye akacheka, kicheko kimoja kifupi, akainama, akavibandua vile vidole kwenye sketi, kimoja kimoja, Bonge akivirudisha naye akivibandua tena.

"Shika mtoto wako, mama," akamwambia Mama Mlango. Halafu akanyooka. "Saba, mkuu."

"Saba!" Mkuu akageukia kamera. "Na huyu wa saba ni wa nani?"

Mama Mlango alimtazama afisa. Alimtazama kwa macho ya kumwomba, ulimi umejaa. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno hilo lingemvua nguo mtu anayeshika faili la Njiti, mbele ya bosi wake, na mtu akishavuliwa nguo hadharani hatafuti wa kumsitiri. Njiti alikuwa ameshika pindo la gauni la bibi yake, ananyonya kidole.

"Ni mgeni, baba," Mama Mlango akasema.

"Mgeni? Mama yake nani?"

"Sijui jina lake."

"Unapokea mtoto usiyemjua! Mmesikia? Hivi ndivyo watoto wetu wanavyokufa." Akaunyanyua mkono wa Bonge. "Na hili tambara ni la nini?"

Akaelezwa. Nusu kwa mtoto, nusu kwa mzazi, mipasuko ikikutana. Mkuu alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa mganga wa kienyeji.

"Na mwenye nusu nyingine yuko wapi sasa hivi?"

Afisa akaufunga zipu mkoba wake.

"Atakuja, baba," Mama Mlango akasema. "Huwa wanakuja."

Nyumba ikafungwa hapo hapo. Wazazi wa wenyeji walipigiwa simu, wakaja wanahema, wengine na aproni za kazi, wengine wameshaonywa kwamba wasirudi tena kazini. Hawakumgusa mkuu. Walimgeukia Mama Mlango. "Kubaki na sita ulishindwa nini?" akasema mama mmoja aliyekuwa akimwachia mwanawe tangu hajaota jino. "Tamaa tu. Sasa mimi kesho naenda naye wapi?" Mama Mlango akawafunga watoto vifungo vya mashati, akawakabidhi chupa zao, kila mtu na uzi wake.

Wakabaki wawili.

"Huyu asiye na mwenyewe nitamchukua mimi, mkuu," afisa akasema harakaharaka. "Nitamshughulikia." Alikuwa ameshambeba. Bonge akalaza kichwa begani, akatulia kabisa.

"Moyo wa mama huo," mkuu akasema, na mpiga picha akapiga picha. "Na huyu mwembamba?"

"Mjukuu wangu, baba. Damu yangu. Karatasi ziko ofisini kwenu, afisa anajua. Afisa, mwambie."

Alijua kwamba sasa ndipo atasitiriwa. Alimeza kila kitu kwa ajili ya dakika hii, akangoja.

"Ombi lipo," afisa akasema, akiutazama mgongo wa Bonge. "Bado halijapitishwa."

"Basi kisheria bibi hana mtoto hapa," mkuu akasema. "Hatuwezi kumwacha kwenye nyumba tuliyoifunga. Twende naye."

Mama Mlango hakupiga kelele. Watu walioshuhudia walisema baadaye alionekana kama hakuelewa. Alikwenda kwenye lile shuka kuukuu, lililokuwa limebaki ukingo tu, akararua utepe wa mwisho, akaupasua katikati, nusu akaifunga kwenye mkono wa Njiti, mafundo mawili. Nusu akajifunga mwenyewe.

"Bibi unakwenda wapi?" Njiti akauliza, wakati aliyekuwa anakwenda ni yeye.

"Nakuja kukuchukua."

"Saa ngapi?"

Mkuu akatazama saa yake, mlango wa gari ukafungwa.

Alikwenda kwenye geti la bluu kesho yake, na kila alipopata nguvu akaenda tena. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alimpa hata benchi akalie. "Lakini mama, hapa si kama kwako. Mtoto akiingia huvuliwa kila kitu, akaogeshwa, akavalishwa sare. Hilo tambara walishalitupa. Leta barua ya afisa." Ofisini afisa alikuwa kikaoni. Siku nyingine alikuwa safarini. Siku moja Mama Mlango alimwona kabisa kupitia dirishani anakunywa chai, na karani akamwambia ametoka.

Mlangoni kwake walipaka alama nyekundu. Watu waliokuwa wakigonga walikuwa wakiiona, wakapita, watoto wamewabeba, hawajui wanawapeleka wapi. Kitanda hakikusimamishwa tena ukutani. Mfuniko wa chupa aliuokota chini ya beseni, akauweka dirishani.

Asubuhi moja mlango ukagongwa.

"Shikamoo, mama."

Safari hii afisa hakusubiri kukaribishwa. Bonge alikuwa kiunoni, amevaa kofia mpya.

"Najua, najua pamefungwa. Lakini yule dada mwingine naye kaondoka, na wale wa tetekuwanga wamepandisha ada mpaka mtu unashangaa. Nikasema, nani mwingine nitakayemwamini? Tangu siku ile mwanangu hajalala vizuri kwa mtu."

Mama Mlango alikuwa amelishika komeo la mlango. "Njiti anakula?"

"Anakula. Nilimwona juzi. Wamemnyoa nywele, kapendeza."

"Ananiulizia?"

"Wote kule wanaulizia, mama."

"Na ombi langu?"

"Liko kwa mkuu. Kidogo limekuwa gumu, unajua, kwa sababu nyumba yako ina doa sasa." Akashusha sauti, akasogea karibu, manukato yakaingia ndani kabla yake. "Lakini mimi nipo. Nisitiri leo, na mimi nitakusitiri. Nusu siku tu."

Mama Mlango akamtazama machoni mpaka afisa akahamisha uso. Alitamani kumtemea mate. Alitamani kuupiga ule mlango ung'oke. Bonge akamnyooshea mikono, akiita "Bibi, bibi," neno alilolisikia kwa Njiti, na mikono ya Mama Mlango ikampokea kabla mwenyewe hajaamua.

"Asante sana. Nimechelewa." Afisa alishafika kizingitini, akageuka, akanyoosha kiganja. "Na kipande changu? Nipe kipande, mama. Siku hizi huwezi kumwamini kila mtu."

Shuka kuukuu lilikuwa limekwisha. Mama Mlango akazungusha macho chumbani, Bonge kiunoni. Kilichobaki ni kishuka kidogo cha njano cha Njiti pale kitandani, kimekunjwa, hakijafuliwa tangu siku ile ili harufu yake isitoke. Akakichukua. Akauma ukingo kwa meno, akavuta, kikararuka.

Bonge bado alikuwa anakumbuka. Alinyoosha mkono mwenyewe, afungwe.